Kamera za kunasa mwendo kwa studio ndogo ya Lubumbashi: zipi tunaziweka mbele, na kwa nini

Mtu anayefungua studio ya kunasa mwendo (kurekodi mwendo wa mwili kwa kamera nyingi ili kompyuta iuchore upya kwa vipimo vitatu) huanza karibu kila mara kwa kuuliza megapikseli. Hilo ni swali la nne. La kwanza ni kama kamera zote zitapiga kwa wakati mmoja hasa. La pili ni kama zitabaki pale zilipofungwa toka asubuhi hadi jioni bila kusogea hata milimita. La tatu ni kamera ngapi zitaendelea kuuona mkono au goti wakati mchezaji amegeuka, ameinama au amejikunja. Kamera ya bei kali juu ya stendi inayotikisika inashindwa na kamera ya kawaida iliyofungwa ukutani. Hesabu yenyewe inasema hivyo.

Mkono wa mcheza ngoma unaweza kwenda mita 5 kwa sekunde. Chukua kamera mbili zinazopiga fremu 60 kwa sekunde, moja ikiwa nyuma kwa fremu moja tu. Kuchelewa huko ni milisekunde 16.7, na ndani ya muda huo mkono umesafiri zaidi ya sentimita 8. Programu haijui kwamba kamera moja imechelewa. Inachora mistari miwili kutoka kwenye lenzi, inatafuta inapokutana, na inakuwekea mkono mahali ambapo haukuwahi kuwa. Kwa sababu hiyo, katika orodha hii kamera zinazosawazishwa kwa waya zinakaa juu ya zile zinazosawazishwa kwa programu peke yake, hata pale za pili zinapokuwa na picha nzuri zaidi.

Shata, yaani kilango kinachoamua kamera ipokee mwanga kwa muda gani, nayo ina hesabu yake. Ikifunguka kwa 1/100 ya sekunde, mkono huohuo unaacha mkia wa sentimita 5 kwenye picha. Ikifunguka kwa 1/1000, mkia unabaki milimita 5. Kamera za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zina taa zake kuzunguka lenzi, na vipira vya kuakisi vinavyobandikwa mwilini mwa mchezaji vinaurudisha mwanga huo moja kwa moja kule ulikotoka, kwa hiyo shata yake inaweza kuwa fupi sana na kipira bado king'ae. Kamera ya video au simu haina msaada huo, inategemea taa za chumba.

Pima chumba kabla ya kuhesabu dola

Kamera za nafasi mbili za kwanza katika orodha hii zina upeo wa nyuzi 56 kwa upana na 46 kwa urefu. Mtu aliyesimama na mikono juu anahitaji kama mita 2.3 za urefu kwenye picha. Ukipiga hesabu, kamera lazima iwe mbali naye angalau mita 2.7 ili imwone mzima, na huyo ni mtu aliyesimama katikati kabisa. Akianza kutembea, umbali huo hautoshi tena. Chumba cha mita 4 kwa 4, kama vilivyo vyumba vingi vya nyumba za zamani za Kamalondo na Katuba, hakitoshi kwa lenzi hiyo. Hapo utafute kamera yenye lenzi pana. PrimeX 13W ya kampuni ya OptiTrack, kwa mfano, ina nyuzi 82 kwa 70, na umbali unashuka hadi kama mita 1.6. Hasara yake ni kwamba pikseli zilezile zinatandazwa juu ya eneo kubwa, kipira kinaonekana kidogo zaidi, na ukingo wa picha unapinda.

Ukipata chumba cha mita 7 kwa 6 chenye dari ya mita 3, unapata eneo la kazi la kama mita 3.5 kwa 3 ambalo kila kona yake inaonekana vizuri. Bohari, ukumbi wa kanisa usiotumika siku za kazi au gereji kubwa vinafaa kuliko sebule. Kama huna chumba cha kudumu na kila kazi utakuwa unafungua na kufunga vifaa, acha kamera. Nunua vazi lenye sensa za mwendo, ukijua kwamba chuma kingi cha karibu huvuruga zile zinazotegemea sumaku ya dunia.

Angalia pia mwanga na sakafu. Jua lina infraredi nyingi, na dirisha moja la mashariki linatosha kupofusha kamera mbili asubuhi nzima. Shona mapazia ya kitambaa cheusi kizito, tabaka mbili (soko la Kenya, komini ya mji wetu, halikosi), na uyafunge chini na pembeni ili upepo usiyapeperushe. Karo zinazong'aa zinarudisha taa za kamera kama kioo. Tandika zulia au linoleamu isiyong'aa. Vumbi jekundu la kiangazi tutalirudia.

Nafasi ya kwanza: kamera nane za kebo ya mtandao, megapikseli 1.3

Mfano tunaoutumia kupimia mingine ni OptiTrack PrimeX 13. Sensa yake ni pikseli 1280 kwa 1024, inapiga fremu 240 kwa sekunde kwa picha nzima, na kebo moja ya mtandao inabeba umeme, data na usawazishaji. Kebo moja kwa kamera moja ina maana ya makosa machache. Kamera ikizimika unajua pa kuanzia.

Je, megapikseli 1.3 zinatosha? Kwa umbali wa mita 4, picha ya nyuzi 56 inachukua upana wa mita 4.25. Gawanya pikseli 1280 kwa huo upana, unapata kama pikseli 300 kwa kila mita. Kipira cha milimita 14 kinakaa kwenye pikseli 4 na kidogo. Kwa mita 6 kinashuka hadi kama pikseli 2.8, na hapo programu inaanza kusitasita kutafuta kitovu chake. Katika chumba cha mita 7 kwa 6, basi, zinatosha. Ukumbi wa mita 12 utataka PrimeX 22 au 41, na bei itakuwa nyingine kabisa.

Idadi tunayoitetea kwa nguvu ni nane. Programu inahitaji kamera mbili tu kupata nukta katika nafasi, lakini mwili unajificha wenyewe: kiwiliwili kinaziba mkono, paja linaziba goti la pili. Lengo ni kila kipira kionekane na kamera tatu muda wote, ili moja ikizibwa zibaki mbili. Ukiwa na sita, mchezaji akijikunja tu vipira vya kifua na nyonga vinapotea, na saa moja ya kunasa inakuletea saa nne za kuziba mapengo kwa mkono. Nane kwa mtu mmoja, kumi na mbili kwa wawili wanaogusana. Kama fedha inafika kamera sita tu za daraja la juu au nane za daraja hili, chukua nane.

Bei ya kamera moja mpya inapita dola elfu mbili, kabla ya usafiri, na leseni ya programu ni juu yake. Wenye bajeti ya hospitali au maabara ya chuo waangalie pia Vicon Vero 2.2 (megapikseli 2.2, fremu 330) na Qualisys Miqus M3. Ni kamera imara, na watu wa tiba ya viungo wanazifahamu kupitia tafiti. Kwa studio ya uhuishaji na video za muziki, tofauti ya fedha ni bora iingie kwenye bomba la kufungia kamera, UPS (betri inayoshika umeme unapokatika) na vipira vya akiba.

Nafasi ya pili: Flex 13 za okazioni

Hii nayo ni ya OptiTrack, kamera ya USB yenye sensa ya ukubwa uleule, 1280 kwa 1024, lakini fremu 120 kwa sekunde. Ilipokuwa mpya iliuzwa dola 999. Za mkono wa pili ni nafuu zaidi. Kwa ngoma, maigizo, mwendo wa kutembea na michezo mingi ya video, fremu 120 zinatosha. Hazitoshi kwa ngumi za ndondi na kupiga mpira.

Ugumu wake ni waya. Kamera zinachomekwa kwenye kituo chake maalumu, OptiHub 2, kinachobeba kamera sita. Kwa nane unahitaji vituo viwili vilivyounganishwa kwa waya wa usawazishaji, na kila kituo kiingie kwenye kidhibiti chake cha USB ndani ya kompyuta. Kebo ya USB 2.0 ina kikomo cha mita 5. Katika chumba cha mita 7 kwa 6, kebo inayopanda ukutani, kufuata bomba na kushuka inamaliza mita 5 upesi sana, kwa hiyo weka vituo juu kwenye kona mbili zinazotazamana, si chini karibu na kompyuta. Virefusho vya bei rahisi ndio ugonjwa wa mfumo huu. Kamera inaonekana ipo, inafanya kazi dakika ishirini, kisha inaruka fremu. Ukilazimika kurefusha, tumia kirefusho chenye umeme wake, kimoja tu kwa kila kebo.

Ukinunua za okazioni, usitume fedha kwa picha za tangazo. Omba video ya kila kamera ikiwa hai ndani ya programu, namba yake ya usajili ikionekana. Mwambie muuzaji azime taa na kuzielekezea kamera simu yake: taa za nanomita 850 huonekana za zambarau kwenye kamera za simu nyingi, hasa ya mbele, na ukikuta duara lina taa zilizozimika umeokoa fedha. Zote ziwe na lenzi za aina moja. Uliza leseni inahamishwaje, na kama inaendeshwa na ufunguo wa USB, ufunguo huo uje ndani ya kisanduku. Kamera nane bila leseni ni vyuma vinane. Tazama pia kwenye ukurasa wa mtengenezaji kama toleo la sasa la programu bado linazitambua.

Nafasi ya tatu: simu mbili au tatu, bila vipira

Kwa kliniki ya tiba ya viungo, kwa mwalimu wa michezo au mwanafunzi anayeandika kazi yake ya mwisho, hii inaweza kuwa ya kwanza. OpenCap, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, inatumia iPhone au iPad mbili au zaidi na karatasi ya miraba myeusi na myeupe iliyochapwa kwa kipimo sahihi. Video zinapanda mtandaoni na pembe za viungo zinarudi. Ni bure kwa utafiti wa kitaaluma. Anayetaka kuifanyia biashara asome masharti kwanza.

Mambo mawili yanaiharibu hapa kwetu. Kwanza ni intaneti: kazi yote inafanyika kwenye seva, kwa hiyo siku mtandao unapokufa na studio imesimama. Pili ni karatasi. Wachapaji wengi hubana ukurasa ili uingie kwenye A4 bila kukuambia, mraba wa milimita 35 unatoka 33, na kila kipimo cha mwili kinakosea kwa uwiano uleule. Pima mraba kwa rula kabla ya kulipa, kisha gundisha karatasi kwenye ubao au kioo kinene, maana karatasi iliyopinda ni kipimo kilichopinda.

FreeMoCap ni ya bure na inaendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe kwa kamera za kawaida za USB. Ni shule nzuri. Kwa kazi ya mteja mwenye haraka, usawazishaji wake unategemea kamera ulizonazo. Kompyuta iwe na kadi ya picha yenye nguvu. Kamera za vipira hazidai kadi ya namna hiyo.

Kwa njia zote za video, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei ndogo zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka mpangilio wa kamera kwenye hezi 50, na shata iwe 1/50 au 1/100. Ukifupisha zaidi utaona mistari meusi ikipanda picha, na unafupisha tu pale taa zako zinapokuwa za aina isiyopepesa. Hapo ndipo video inaposhindwa na infraredi: mwendo wa kasi unataka 1/500, taa za chumba zinakataa.

Nafasi ya nne: moduli za shata ya pamoja

Mafundi wa programu wana njia ya kati. Sensa ya OV9281 inatoa picha za kijivu zisizo na rangi, pikseli 1280 kwa 800, na inasoma picha nzima kwa mpigo mmoja badala ya mstari baada ya mstari. Raspberry Pi nayo ilitoa mwaka 2023 kamera ya namna hiyo, sensa IMX296, pikseli 1456 kwa 1088, fremu 60, kwa dola 50, ingawa hiyo ni ya rangi na ina kichujio kinachozuia infraredi, ambacho lazima ukiondoe kwanza. Zote zinaweza kuamshwa kwa waya mmoja wa pamoja. Ongeza duara la taa za nanomita 850 na kichujio kinachopitisha mwanga huo tu, na umepata jicho la mfumo wa kunasa mwendo kwa sehemu ndogo ya bei.

Ubongo, yaani programu, utauandika mwenyewe: kutafuta vitovu, kalibresheni (kuuambia mfumo kila kamera iko wapi na inatazama wapi), kulinganisha nukta, kiunzi cha mifupa. Kama kwenye timu yako hakuna anayefurahia hesabu hizo, miezi itapita kabla ya kumnasa mtu wa kwanza. Kwa idara ya uhandisi ya chuo, kwa upande mwingine, ni kazi nzuri sana.

Nafasi ya tano: PS3 Eye

Ni kamera ndogo ya mashine ya michezo ya PlayStation 3, ya mwaka 2007, ambayo bado inafanya kazi: pikseli 640 kwa 480, fremu 60, na programu ya iPi inaitumia bila vipira. Usizidishe mbili kwenye kidhibiti kimoja cha USB. Tatu zikikaa pamoja fremu zinadondoka. Nzuri kwa kujifunza kupanga kamera na kufanya kalibresheni kabla ya kutumia fedha kubwa.

Za kuacha kabisa: kamera za ulinzi, hata zile za megapikseli 8. Zinabana video, zinachelewa kwa muda unaobadilika, hazisawazishwi, na usiku zinabadili shata zenyewe. Acha pia mchanganyiko wa chapa mbili ukidhani programu moja itazikubali.

Bomba, klampu na paa la mabati

Hapa ndipo studio nyingi ndogo hushindwa, na hakuna kamera itakayokuokoa. Fundi akiambiwa "funga juu", atafunga kwenye mbao za paa kwa kuwa ndizo zilizo karibu. Lakini paa la mabati linapumua. Asubuhi ya Juni mjini hapa ni baridi, saa saba mchana mabati yanachoma, mbao na vyuma vinavyoyashika vinatanuka na kujipinda, na kamera iliyofungwa hapo inageuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Kwa mita 4, mgeuko wa nyuzi 0.1 unasogeza mstari wa kamera milimita 7. Kalibresheni ya saa mbili asubuhi imekufa kabla ya chakula cha mchana. Mvua ya masika nayo inapiga mabati kama ngoma, na kila tone linafika kwenye lenzi.

Mwambie fundi wazi: "Papa, bomba lishike ukuta, lisiguse paa." Bomba la jukwaa la ujenzi, kipenyo cha milimita 48, linazunguka chumba kwa urefu wa mita 2.7, likishikwa na mabano ya chuma kila mita 1.5, kila bano na boliti mbili za kupanuka ndani ya tofali zima, si ndani ya plasta. Chumba cha mita 7 kwa 6 kinahitaji kama mita 26 za bomba na mabano 18. Klampu ya aina ya Manfrotto 035 inashika mabomba ya milimita 13 hadi 55, na juu yake kinakaa kichwa cha mpira cha chuma. Vichwa vya plastiki vinalegea kwa joto. Ukishaelekeza kamera na kukaza, piga alama ya kalamu inayokatiza kichwa na klampu. Mistari ikiachana siku moja, utajua nani amegusa.

Upangaji wa nane: nne kwenye kona, nne katikati ya kuta. Sita zikae juu, mita 2.7, zikitazama chini kidogo. Mbili zishuke hadi mita 1.2 kwenye kuta mbili zinazopakana, kwa ajili ya kwapa, kifua cha mtu aliyeinama na nyayo. Hizo mbili zisitazamane ana kwa ana na nyingine: taa za kamera ya mbele zitaonekana kama kipira kikubwa, programu italifunika eneo hilo, na kipira halisi kikipita hapo hakitaonekana. Kamera mbili zilizo karibu sana zinaona kitu kilekile na hazipimi kina. Pembe kati ya jirani na jirani, ukipimia kwa mchezaji, iwe pana.

Swichi, kebo na umeme

Swichi ya mtandao inanunuliwa kwa wati, si kwa idadi ya matundu. Tundu la PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao) la kawaida linatoa hadi wati 15.4, la PoE+ wati 30. Kamera nane kwa 15.4 ni wati 123. Swichi ya matundu nane yenye jumla ya wati 60 itawasha kamera za kwanza na kuziacha za mwisho gizani, na utapoteza siku ukibadilisha kebo ambazo hazina kosa. Soma lebo ya kamera, zidisha, ongeza sehemu ya tano. Zima kwenye swichi ulinzi wa dhoruba ya matangazo (broadcast storm control) na hali ya kubana umeme wa mtandao (Energy Efficient Ethernet), kwa sababu vyote viwili hukata mazungumzo ya kamera. Swichi hiyo isiunganishwe na intaneti, na kompyuta iwe na kadi ya mtandao ya gigabiti iliyotengwa kwa kamera peke yake. Kebo ziwe Cat6 za shaba tupu. Zile za alumini iliyopakwa shaba ni nyepesi mkononi, zinapoteza umeme njiani na zinakatika kwenye kona.

Umeme wa SNEL ukikatika katikati ya kunasa, unapoteza rekodi na pengine kalibresheni. Kamera nane, swichi, kompyuta na skrini vinakula kama wati 450. UPS ya VA 1500 inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Anayetaka kumaliza siku ya mteja anunue betri ya LiFePO4 ya volti 24, Ah 100, pamoja na inveta: wati-saa 2400, ukitoa hasara za inveta na akiba ya chini, zinabaki kama saa 4. Jenereta isiingie moja kwa moja kwenye kompyuta, ichaji betri. Na katika msimu wa mvua, radi ikianza kulia chomoa swichi ukutani, hata kama kuna kinga, kwa kuwa kebo nane ndefu ni antena nane.

Kuagiza

Bei ya tovuti si bei ya Lubumbashi. Ongeza usafiri hadi uwanja wa ndege wa Luano au kwa barabara kupitia mpaka wa Kasumbalesa, ushuru wa DGDA (forodha), gharama za OCC (ukaguzi wa bidhaa) na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16. Fakitire, yaani ankara, iorodheshe kila kitu peke yake: kamera na namba zake, lenzi, kebo, leseni. Fakitire yenye mstari mmoja "mfumo wa kamera" inazua maswali mpakani, na kila siku ya maswali ina bei yake. Nakala ya orodha hiyo iwe na mhuri wa forodha kabla ya kuvuka na vifaa kwenda kazini Zambia, ili usilipe ushuru tena ukirudi.

Agiza pamoja na kamera: fimbo ya kalibresheni ya milimita 500, mraba wa sakafu (unaouonyesha mfumo sakafu ilipo), vipira 60 vya milimita 14 kwa mtu mmoja (mpangilio wa mwili mzima unatumia kati ya 37 na 50, vilivyobaki ni akiba), mavazi mawili ya kubana ya saizi tofauti, na kamera ya tisa kama fedha inaruhusu. Kamera ikiharibika, kuituma kiwandani na kuirudisha kunachukua wiki nyingi. Vipira ni vya kuisha. Kimoja kikishikwa na mkono wenye jasho na vumbi jekundu la Agosti kinapoteza mng'ao, na kuking'arisha kwa sabuni kunachuna shanga ndogo za kioo zilizo juu yake. Kishike kwa shina, kihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, na kikifubaa kitupe.

Siku ya kupokea

Washa kamera zote na uziache nusu saa zipate joto lake la kazi, kwa kuwa lenzi na sensa hujisogeza kidogo zikipata moto. Toa kila king'aacho: saa, mkanda, viatu vyenye mistari ya kuakisi, stendi za alumini. Funika kwa programu kile usichoweza kutoa. Punga fimbo katika eneo zima, chini hadi kwenye vifundo vya miguu na juu hadi mkono unapofika, hadi kila kamera ikusanye sampuli za kutosha pande zote za picha yake, si katikati tu. Kosa la wastani likizidi milimita 1, rudia. Likikataa kushuka, kamera moja imelegea au lenzi yake haijakaza.

Kisha fanya kipimo ambacho wauzaji hawakitaji. Tembea na fimbo ileile katika kona nne na katikati, na usome urefu ambao mfumo unaupima. Fimbo ni milimita 500. Kati ya 499.5 na 500.5, umepokea mfumo mzuri. Usiguse kitu. Rudi saa saba mchana jua likiwa juu ya mabati, pima tena katika sehemu zilezile. Urefu ukibadilika kona moja tu, panda ukaangalie bano la kona hiyo. Ukibadilika kote, bomba limegusa paa mahali fulani: fuata mzunguko wake kwa mkono, bano kwa bano, hadi upate.